Teke Ambalo Sikulizuia

Shule yetu ya karate ilianzia uani kwa fundi cherehani mmoja wa mtaa wa Makindye, karibu na kambi ya jeshi. Fundi huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wetu. Sare zetu za kwanza alizishona mwenyewe kwa kitambaa cheupe kutoka soko la Nakivubo. Wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa watoto wa askari, nami mmoja wao, kwa kuwa baba yangu alikuwa mwanajeshi kutoka kaskazini. Baadaye tulipata ukumbi wa shule ya msingi, wenye sakafu ya saruji tuliyoiosha wenyewe kila Jumamosi kabla ya mazoezi.

Ukumbini hapo ndipo alipojiunga binti wa mwenye duka la vitambaa, wa familia ya Kiislamu ambayo mababu zake walitoka pwani kwa biashara. Kiswahili ndicho kilichotukutanisha, maana Kiganda changu cha kambini kilikuwa cha kubabaisha na yeye alichoka kunirekebisha. Tulifanya mazoezi pamoja miaka tisa.

Wiki tatu kabla ya mtihani wa mkanda mweusi, mwalimu alitupambanisha mimi na yeye. Sheria yake tuliijua tangu utotoni: teke la kichwani lisimame kabla ya kugusa ngozi. Mwenzangu alinipata mbavuni mara mbili, na watoto waliokaa ukutani wakacheka. Hasira ikanipanda. Nikarusha teke, wala sikulizuia.

Alikaa chini polepole, kiganja juu ya jicho la kushoto. Hakulia.

"Limeniponyoka," nilimwambia mwalimu. Nikasema vivyo hivyo hospitalini, mbele ya mama yake. Daktari alipotuambia kwamba jicho lile halitaona tena, nikasema hivyo mara ya tatu.

Sikukanyaga tena ukumbini. Mwalimu alipotuma watu kuniulizia, nilisingizia maumivu ya goti.

Baada ya miezi miwili, alasiri moja, mwenzangu alikuja kwetu mwenyewe, amevaa miwani myeusi. Mama alimpa chai, akatuacha sebuleni.

"Goti linaendeleaje?" aliniuliza.

"Goti ni zima."

"Najua."

Niliinamisha kichwa. "Dada, teke lile halikuniponyoka. Ningeweza kulizuia."

Aliweka kikombe chini. "Nilikuwa nakutazama usoni," akasema. "Niliona kabisa kwamba hutaki lisimame. Nimekusubiri uje kuniambia, mpaka nikachoka."

Nilianza kuomba msamaha, akaninyamazisha kwa mkono. "Kamwambie Mwalimu, mbele ya wote. Wale watoto wanadhani ilikuwa ajali."

Jumamosi iliyofuata nilisema ukweli mbele ya wote. Mwalimu alinivua mkanda wangu wa kahawia, akanifunga mweupe, akanionyesha mwisho wa mstari, nyuma ya watoto wa miaka saba.

"Utaanza upya," alisema. Kisha akawageukia wengine. "Na mimi nilimwona amekasirika, nikaacha waendelee. Kosa hilo ni langu." Sauti ilimkatika. Sikuwahi kuisikia ikikatika kabla ya hapo.

Mwenzangu alipata mkanda mweusi mwaka uliofuata. Wangu ulinichukua miaka sita. Watoto wa mstari wangu walipanda mikanda, wengine wakanipita, na kuna siku nilitembea kutoka Makindye hadi mlangoni pa ukumbi nikageuka kurudi nyumbani. Mwalimu alipofariki, tulikubaliana bila ubishi kwamba mwenzangu ndiye atakayeongoza shule. Leo ana wanafunzi wengi, hata wengine wanatoka mbali, mtaa wa Kamwokya. Anapofundisha mimi husimama upande wake wa kushoto, ili mtoto asije akamgonga kutoka asikoona. Hatujawahi kulizungumzia jambo hilo. Nilisimama hapo siku moja, naye hakuniondoa.

Mama yake hajanisamehe. Nikipita dukani namwamkia kwa heshima, naye huitikia huku akiendelea kupima kitambaa. Zamani alikuwa ananivutia kiti.