Kambi Yetu ya Vuli Longech

Nilikuwa nimeingia sokoni Kakuma kutafuta vitunguu tu, mwenzangu, harufu ya samaki mkavu ikanikamata pua na kunirudisha utotoni bila kuniomba ruhusa. Muuzaji, mama mmoja Mkongomani, aliniona nimesimama kama mti. "Karibu dada, hii samaki inatoka Longech, iko muzuri sana," akasema. Nilinunua fungu zima ambalo sikulihitaji. Jioni nikampigia mama simu Lodwar kumsimulia, nikidhani tutacheka pamoja. Hakucheka. Afya yake si nzuri siku hizi. "Enda uone nyanya yako amelala namna gani," aliniambia. "Siku zangu si nyingi, na unajua nataka kuwekwa kando yake."

Sisi watoto wa Lodwar hatukujua likizo za baharini. Bahari tuliisikia redioni, iko huko Kenya, maana ndivyo tulivyoita kila kitu kilichokuwa mbele ya Kitale. Sisi tulikuwa na ziwa. Shule zikifungwa mwezi wa kumi na moja, wakati mawingu ya vuli yanapita juu ya Turkana yakitutania bila kudondosha kitu, mama alitupakia kwenye lori la Kalokol, mimi, dada na kaka, pamoja na sukari, majani ya chai na tumbaku ya nyanya. Kutoka hapo tulivuka mchanga kwa miguu, kwa kuwa ghuba ilikuwa imekauka, mpaka ufuoni Longech, alikopiga kambi nyanya kukausha samaki. Tulikaa naye hadi Krismasi.

Kambi yenyewe ilikuwa kibanda cha majani ya mkoma, kifupi, ukitaka kuingia unatambaa. Asubuhi upepo ulivuma kwa hasira na mchanga ukaingia machoni, masikioni na kwenye uji, nasi tukaula hivyo hivyo. Kazi yetu ilikuwa kupasua ngege, kuwapaka chumvi na kuwaanika, kisha kufukuza makorongo, ndege wasio na haya hata kidogo. Alasiri upepo ukitulia tulioga ziwani, pale tu nyanya aliposema, kwa sababu ya mamba. Halafu alitupikia kichwa cha mbuta, mchuzi mzito wenye mafuta, tukagombania macho. Wafugaji waliopita na mbuzi wao waliziba pua wakitucheka. Nyanya aliwajibu, "Ukame ukimaliza mbuzi wako utakuja kuniomba kichwa cha samaki. Nitakupa, lakini na wewe utanuka." Na kweli walikuja, mwaka hadi mwaka, na aliwapa.

Sasa nikueleze jambo la ziwa lile. Siku hizo lilikuwa likikimbia. Kila vuli tulikuta maji yamerudi nyuma zaidi, na nyanya, baada ya kuyagombeza kama mtoto mtoro, aling'oa miti ya kibanda chake akayafuata. Mafiga ndiyo hakuyahamisha kamwe. Alisema jiwe lililopikia mahali ni la mahali hapo, ukilibeba unabeba njaa. Basi kila mwaka alitafuta mawe mengine matatu, na yale ya zamani yakabaki mchangani, meusi kwa masizi. Sisi watoto tulitoka majini tukayafuata kwenda nchi kavu, tukitaja: hapa ndipo dada alipoungua mguu, hapa kaka aling'oka jino, mpaka tukafika kwenye yale ya kwanza kabisa, yaliyowekwa mama akiwa bado msichana. Ukisimama pale hukuyasikia hata mawimbi.

Pale ndipo tulipomzika nyanya. Alitaka mwenyewe. "Mnilaze pakavu," alisema, "miguu yangu imelowa vya kutosha." Wazee walicheka wakakubali, na hakuna aliyejiuliza mara mbili. Nani angeyaogopa maji yanayokimbia? Tukamlaza karibu na mafiga yale, tukarundika mawe juu yake, tukamwachia tumbaku. Mama alichagua nafasi yake siku hiyo hiyo, akaionyesha kwa fimbo mbele ya watu wote.

Basi wiki iliyofuata ile simu ya mama, nilienda. Kwamba ziwa limejaa nilikuwa nimesikia, nani hajasikia? Lakini kusikia si kuona. Mwenye bodaboda alisimama mahali ambapo kwangu mimi ni katikati ya mchanga mkavu, akaniambia nishuke, barabara imeisha. Mbele yangu palikuwa na maji mpaka macho yanapofika. Mikoma ilisimama ndani yake, imekufa, haina vichwa. Nilimsalimu mwanamume mmoja mwenye mashua, ejok, nikamwonyesha kwa kidole ninakotaka kwenda.

"Mama, huko unaonyesha ni ndani ya maji," akasema. "Ni kitambo."

"Na makaburi?"

"Yote. Watu walibeba mabati na mbuzi wakahama. Wafu nani angebeba?"

Nilicheka, ndugu yangu. Sijui kwa nini nilicheka. Nikamwambia anipeleke hivyo hivyo. Alipiga kasia tukapita juu ya utoto wangu wote, kisha akasimamisha mashua. "Kama nakumbuka vizuri, ni hapa." Niliinama nikatazama. Maji ya kijani, mazito, hayakuonyesha chochote. Mtu aliyeomba pakavu! Nililitukana ziwa lile kwa Kiturkana, kwa sauti, mpaka mwenye mashua akageuza uso akajifanya anapanga nyavu. Tumbaku niliyombebea nyanya ilibaki mkononi. Kuitupa majini niliona ni kukubali, na mimi sikuwa nimekubali.

Kibanda kikienda, sawa, majani ya mkoma hayajaisha. Hata ufuo, ingawa nilikuwa nimewaahidi wanangu kwamba vuli moja tutalala pale, ningejifunza kuusahau. Lakini njia nzima ya kurudi Lodwar nilikuwa nikitafuta namna ya kumwambia mama, na sikuipata.

Nilimkuta amekaa juu ya ngozi ya mbuzi, kivulini ukutani. Nikamweleza yote. Hakulia. Alitazama mikono yake.

"Hata yale mawe hayaonekani?"

"Hayaonekani, Mama."

Alinisogezea kikombe cha chai. Halafu akaniuliza, taratibu kabisa, kama anayeuliza habari za safari, "Na mimi je, mtanipeleka wapi?"

Mimi ndiye kifungua mimba wake, jibu lilitakiwa kutoka kwangu. Nilitoa ile tumbaku ya nyanya niliyorudi nayo, nikaiweka mkononi mwake.