Siku nilikumbatia komputa ya cyber ndio wasitoe Windows

Hapana wakuu, hiyo komputa sikuwa naiba. Nilikuwa nimeikumbatia tu.

Najua mtauliza, so acha nijibu mapema.

Salamu zenu, wa Jamhuri, wa Mutuini, na nyinyi wa majuu mnasoma hapa mkijifanya mko kazini. Mimi ni cucu, nyanya wa Kabiria. Shule sikuenda, hata ile ya jioni. Hii naongea kwa simu na simu inaandika yenyewe, mkiona makosa gombaneni na simu. Lakini vile ilikuwa ndio vile nasema, hata machozi sijaongeza.

Miaka ya elfu mbili na kitu nilikuwa naosha ngazi na vyoo kwa jengo moja huko Tom Mboya Street. Floor ya pili kulikuwa na cyber, duka ya internet, ya mtu anaitwa Njoroge.

Nyinyi wa bundles hamjui internet. Yetu ilikuwa inalia kwanza! Kriii, kriii, shhhhh, tong-ting, kama mbuzi imemeza redio. Ukifungua picha ya mtu inashuka polepole, kipara kwanza, halafu macho. Kabla ifike kidevu nimemaliza kuosha corridor mzima.

Naimiss, hata hiyo kelele.

Sasa, msichana wangu Wairimu alikuwa ameenda Uingereza kutunza wazee. Simu ya huko ilikuwa ghali, na barua siwezi soma. So alikuwa anajirekodi akiongea, anatuma kwa email ya Njoroge.

Rekodi zilikuwa tatu. Moja anacheka barafu. Moja ananipa pole ya mgongo. Moja anaimba tu akipika.

Njoroge aliniwekea kwa komputa namba nne, folder ya njano, pale kwa picha ya kilima ya kijani. Kila asubuhi kabla nishike ndoo, navaa zile headphone za sponji, nasikiza zote tatu. Kusoma sijui, lakini njano naijua.

Jumatatu moja nafika, kioo ya namba moja imekuwa rangi ya matope. Kilima hakuna. Namba mbili, matope. Fundi mmoja amekaa namba tatu, CD mkononi, anapiga mluzi.

Nikamuuliza, "Fundi, hii ni nini?"

Huyo alikuwa anaongelea kwa pua: "Mathe, tunatoa Windows tunaweka Linux, hiyo ni ya bure. Hii Windows yenu ni ya kuchomwa, haijalipiwa, watu wa kukagua wakipita watabeba mashine zote. Na hii haishikwi na virus."

"Na vitu za watu zenye ziko ndani?"

"Zinaenda. Tunafuta yote, tunaanza upya. Ni kama kuokoka, mathe."

Namba nne ndio ilikuwa inafuata! Nikatupa mop, nikaingia chini ya meza, nikashika ile CPU na mikono mbili kama mtoto ameonyeshwa sindano.

"Mathe toka huko, kuna stima!"

"Iniue nayo!"

Njoroge akaingia. Yeye hata akikusalimia ni kama anahubiri: "Mama Wairimu, tulia, mamaaa. Sauti ziko kwa email, hakuna kitu imepotea."

Akafungua email. Nikaona uso inambadilika.

Email ya siku hizo ilikuwa ndogo kama kiberiti, ikijaa lazima ufute. Na ni yeye mwenyewe alikuwa amefuta zangu, kwa sababu ziko kwa mashine.

Nikajiambia, sawa, si namba nne bado iko. Akaiwasha. Kilima ikatokea. Folder ya njano, wapi. Akatafuta huku, akatafuta kule. Mimi jasho imefika kwa leso.

Halafu akaniuliza pole pole, "Mama, Jumamosi nilipanga mashine upya. Nilikuambia?"

Hakuwa ameniambia.

Namba ilikuwa imebandikwa kwa meza, si kwa mashine. Yangu alikuwa ameihamisha kwa meza namba moja. Ndio fundi alianza nayo. Mimi muda huo wote nimekumbatia mashine ya wenyewe.

Funzo ni hii: kitu unapenda, weka mahali mbili, na ujue iko ndani ya nini, si kwa meza gani. Na nyinyi mlihama Windows siku hizo, semeni hapo chini mlipoteza nini. Kama ni kunicheka, nichekeni, hata mimi simu ikinisomea nawaiga nyote hapa nyumbani.

Lakini hiyo siyo ilinimaliza. Njoroge alinihurumia akanipea simu yake nipigie Wairimu, atume zingine. Nikalia, nikaeleza yote, fundi, matope, meza.

Wairimu akasema, "Mum, mwaka mzima umeenda kuona hiyo mashine kila siku. Mimi hujanipigia hata mara moja."