Chaji ya Veikko Törmänen

Ukinunua simu na muuzaji akakuapia kwamba chaji yake inakaa siku mbili, usimwite mwongo. Inakaa. Inakaa kwa Veikko Törmänen wa mtaa wa Tuira, mji wa Oulu, huko kaskazini kwenye theluji, fundi wa maabara, mjane wa miaka hamsini na tisa. Wewe ambaye simu yako inazimika saa nane mchana, jilaumu mwenyewe. Nani alikutuma uwe na marafiki?

Mambo yalianza miaka kumi na moja iliyopita, kampuni ya Virtapuro ilipokuwa inatengeneza prosesa yake ya kwanza ya simu. Prosesa ndiyo ubongo wa simu, na ubongo ukiwa macho unakula chaji. Basi wahandisi wa Virtapuro, watu wenye shahada mbilimbili, walikuwa wanalipwa kwa kazi moja tu: kuulaza. Lakini uulaze saa ngapi, mwenye simu asistuke? Ikabidi wajue mtu wa kawaida anaitumiaje simu kutwa nzima. Walianza kujipima wao wenyewe, wakaona haya, maana alikuwepo aliyeangalia simu hata akipiga mswaki. Ndipo meneja wa mradi, Jyrki Leppälahti, alipoiona simu ya fundi wake imelala mezani. Saa kumi jioni, na chaji asilimia themanini na nane!

"Veikko, hii leo umeitumia kweli?"

"Nimeitumia."

"Umeifanyia nini?"

Veikko akafikiri. "Nimeangalia baridi."

Haya, mtu wa kawaida akawa amepatikana. Kwingine duniani wangemwitia daktari. Oulu walimpa kikombe kilichoandikwa Mtu wa Kawaida. Wakaandika mwenendo wake kwa wiki mbili: maongezi dakika nne kwa siku, na tatu kati ya hizo hakuna aliyesema kitu, hali ya hewa mara mbili, picha moja ya samaki. Wakauita Siku ya Kawaida, na tangu hapo kila prosesa iliyotoka Virtapuro ilipimwa kwa siku hiyo. Wateja wa nchi ambako watu wanaongea walipoandika kulalamika, walijibiwa kwa adabu zote kwamba matumizi yao si ya kawaida.

Veikko mwenyewe alikuwa anajivunia, asikudanganye na uso ule. Alikinywea kahawa kikombe chake kila siku, mara saba au nane, na mwanafunzi wa mafunzo akimuuliza maana ya maandishi yale, alikigeuza ili ayasome mwenyewe.

Kuna jambo ambalo halikuandikwa kwenye Siku ya Kawaida. Veikko ana binti mmoja, Heini, anayekaa mji wa Tampere, mbali kwa treni. Miaka sita iliyopita, siku ya maziko ya mama yake, treni ya Heini ilikwama kwenye theluji. Alifika watu wameshatoka makaburini, wamekaa ukumbi wa kanisa wanakunywa kahawa. Veikko alikuwa na uchungu ambao hakujua autue wapi. Akamtazama mtoto wake, theluji bado iko mabegani, akasema mbele za watu wote, "Umewahi keki."

Maneno mawili tu, tena kwa mtu asiyesema. Heini aliweka kikombe chini, akavaa koti, akarudi na treni iliyofuata. Hawakuzungumza tena.

Mwezi wa Oktoba, Veikko alipiga moyo konde. Alikaa jioni tatu mezani jikoni, anaandika na kufuta, anaandika na kufuta, kwenye ile programu ya kutumiana ujumbe ambayo Heini alimwekea zamani wakiwa bado wanapatana. Jioni ya tatu akatuma: "Huku kuna theluji. Baba." Usicheke. Kwa mwanaume wa Oulu, huko ni kupiga magoti.

Kisha akangoja jibu. Oktoba ikaisha, Novemba ikapita, Krismasi akala mwenyewe, simu iko pembeni ya sahani, mlio umefunguliwa hadi mwisho. Haikulia. Kumpigia hakuthubutu, kwao kumpigia mtu ambaye hajakujibu ni sawa na kuingia nyumbani kwake bila hodi. Kufungua ile programu akachungulie nayo aliona ni kujidhalilisha. Lingekuja lingelia, alijiambia. Mtu uliyefanya kazi ya simu miaka yote hiyo, simu usiiamini?

Tena simu yenyewe ilikuwa mpya. Vuli ile ile Jyrki alikuwa amemkabidhi simu ya majaribio, programu zake zote zimehamishiwa humo, yenye prosesa ya kisasa kabisa, waliyoiita Hiljainen, yaani Kimya. Sifa yake kubwa ni kwamba inamsoma mwenye simu. Anachokitumia inakiweka karibu. Asichokitumia inakilaza, na kikilazwa hakiamshwi, hata agonge nani. Walimwambia akae nayo miezi ili imzoee, na asianze tabia mpya.

Januari mteja mkubwa kutoka nje akatoa sharti. Hiljainen ikikaa siku tatu kwenye mkono wa mtu aliye hai, bila kuchomekwa hata dakika moja, atainunua. Isipokaa, basi, na mradi ungefungwa, watu arobaini waende nyumbani wakaangalie theluji. Mtu aliye hai hawakumtafuta mbali.

"Wewe ishi tu, Veikko," Jyrki alimwambia. "Kama siku zote."

"Naishi," Veikko akasema.

Jaribio likaanza Jumatatu saa kumi jioni, limalizike Alhamisi saa kumi. Chaja zote za jengo zilifungiwa kabatini, shetani asije akampitia mtu, na ufunguo akapewa mhandisi Annukka Hirvasniemi, mwanamke aliyeweza kukutajia kila wati imekwenda wapi. Veikko aliishi kwa ustadi mkubwa. Aliangalia baridi mara mbili kwa siku. Jumatano alipiga picha ya samaki, na Jyrki akamwandikia kumpongeza, kisha akajilaumu kwa kumpotezea chaji.

Alhamisi saa tisa mchana, baada ya supu ya njegere, wote wakakusanyika maabara. Chaji ilikuwa imebaki asilimia sita, na saa moja ya Veikko haikuwahi kula zaidi ya asilimia moja na kidogo. Jyrki uvumilivu ukamshinda: alikuwa ameshaleta keki, imeandikwa namba tatu kwa malai. Akaikata. Veikko alipewa kipande cha kwanza.

Annukka akawasha chati ukutani. "Mnataka kujua siri ya ushindi? Hii hapa. Tangu Oktoba, Hiljainen imekataa kuamshwa bure mara sitini na tatu. Zote zimetoka programu moja, na mtumaji ni mmoja. Veikko aliifungua jioni tatu tu, kisha basi, kwa hiyo prosesa ikaelewa kwamba haimhusu. Mtumaji akija asije, programu inabaki imelala, haili chochote. Hapo tu tumeokoa nusu siku!"

Watu wakapiga makofi. Oulu makofi hayapigwi ovyo.

"Nani?" Veikko akauliza.

"Nani nini?"

"Anayetuma."

"Ah, jina sisi hatulioni, hiyo ni siri yako," Annukka akasema. "Utaona mwenyewe ukifungua."

"Baada ya saa kumi," Jyrki akadakia. "Dakika hamsini tu, bwana. Kula keki."

Veikko alikuwa ameshafungua. Programu ilichelewa kuamka, ikajivuta, kisha ujumbe ukaanza kuingia mfululizo, na ule mlio aliouacha wazi tangu Oktoba ukalia mara sitini na tatu katikati ya mkutano.

Wa kwanza ulitumwa dakika sita baada ya wake. "Huku pia. Umevaa vizuri?" Uliofuata ulikuwa picha ya mtoto mchanga, mashavu mekundu: "Huyu ni Oiva. Ana meno mawili." Kisha "Baba?" Kisha "Bado umekasirika?" Picha, picha, picha. Desemba ishirini na nne: "Tumekuwekea sahani." Wa mwisho ulikuwa wa siku tisa zilizopita. "Nimeelewa. Sitakusumbua tena."

Uso wa Veikko haukubadilika, lakini sahani iliinama mkononi na keki ikaenda chini. Akapiga simu. Kwenye chati mstari mwekundu ukaruka juu.

"Haloo," sauti ikasema, kwa tahadhari.

Veikko akaisogeza simu karibu zaidi na sikio. Maneno yalikuwepo, njia ndiyo haikuwepo.

"Baba? Ni wewe?"

"Ni mimi. Sikuuona ujumbe."

"Ujumbe sitini na tatu hukuuona?"

"Simu ilikuwa inabana matumizi."

"Loo!" Heini akacheka, na kicheko hakikuwa kizuri. "Baba, siku hizi hata uongo mnautengenezea kiwandani?"

"Si uongo. Waulize, wako hapa. Wanakula keki."

Neno hilo lilipotoka akalisikia mwenyewe. Heini naye alilisikia.

"Ile siku ya mama," Veikko akasema. Watu arobaini walikuwa wanamwona, na hakujali. "Nilijua treni imekwama. Walinipigia kuniambia. Nilijua, na bado nikasema. Kosa langu, Heini. Nimeona aibu miaka sita."

Upande wa pili palikuwa na kimya kirefu, na Hiljainen, kwa akili zake, ikaona hapa hakuna linaloendelea, ikaanza kupunguza nguvu. Kisha mtoto akapiga kelele kwa nyuma.

"Ndiye huyo," Heini akasema, sauti imelowa. "Niwashe kamera umwone?"

"Washa."

Asilimia tano. Oiva akatokea, meno sasa ni sita, akaitazama pua ya babu yake kwa mashaka makubwa. Nne. Tatu. Jyrki alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Baba, unakatika."

"Chaji inaisha."

"Si unafanya kazi kwa watu wa betri?"

"Ndiyo."

"Sasa hawana chaja?"

Veikko akainua kichwa. "Annukka, nipe chaja."

"Veikko, nakuomba," Jyrki akasema. "Ukichomeka tumekwisha. Watu arobaini! Mwambie utampigia saa kumi na dakika moja. Atangoja."

"Huyu ameshangoja," Veikko akasema. "Nipe chaja."

Annukka alimtazama meneja wake, akautazama mstari mwekundu alioupigania miaka mitatu, akatoa ufunguo mfukoni.

Mteja alinuna wiki mbili, kisha akasaini kwa siku mbili na nusu. Kile kikombe kipo bado, ila anakinywea mtu mwingine, mama mmoja wa Kuopio anayeongea hata na lifti. Na ripoti ya jaribio Annukka aliiandika jioni ile ile, kwa uaminifu wake wote, ipo na ukitaka utaisoma: jaribio limekatizwa saa tisa na dakika ishirini na mbili alasiri, sababu, matumizi yasiyo ya kawaida.