Kuku wa Kuaga

Dada yangu mdogo hunifananisha na kigingi. Anasema ng'ombe hufungwa kwenye kigingi ili asipotee, lakini kigingi chenyewe hakuna aliyewahi kwenda kukitafuta. Nimezaliwa hapa Igamba, si mbali na mpaka wa Zambia, na mpaka leo sijawahi kukanyaga Nakonde, mji wa ng'ambo. Tunduma, upande wetu, nafika. Nanunua nilichotumwa, narudi kabla ugali haujapoa. Kuna watu pale wanavuka kwenda ng'ambo na kandambili, kama mtu anayekwenda kuomba chumvi kwa jirani, na mimi nikiwatazama tu nageuza njia ya kurudi nyumbani.

Mungu naye ana utani wake. Akatuletea mgeni, msichana wa nchi za mbali, ambaye miguu yake haijui kutulia.

Alikuwa amekwenda kukiangalia Kimondo, lile jiwe kubwa lililoanguka kutoka angani, na wakati wa kurudi mnyororo wa bodaboda ukakatika mbele ya geti letu, saa ya chakula cha mchana. Mama hajui kumwacha mtu apite saa ya chakula. Dereva alikula, akaunga mnyororo, akaondoka. Mgeni alikula, akabaki. Begi lake la mgongoni lilikuwa kubwa kuliko sanduku alilokuja nalo mama siku ya ndoa yake.

Alikuwa ametoka kuzunguka visiwa: Unguja, Pemba, Mafia, kisha akapanda juu mpaka Ukerewe kule ziwani. Kiswahili alichookota huko kilikuwa laini kuliko chetu sisi tunaokisema kama tunapasua kuni. Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa, naye akaingia shambani na ndoo kama sisi. Jioni moja akapanga buni mbichi mezani kutuonyesha visiwa vyake, moja hapa, moja pale.

"Na vikiisha?" mama akamuuliza.

"Natafuta kingine, mama."

Mama akazikusanya buni zote kwa kiganja, akazirudisha kwenye ndoo. "Hapa si kisiwani. Hapa mtu akifika anakaa."

Na kweli alikaa, wiki tatu. Ndipo harusi ya dada yangu ikamkuta.

Sisi kwa mama tumezaliwa wawili tu, mimi na huyo bibi harusi. Kwa hiyo mstari wa madada wa kumsindikiza ulikuwa na binamu mmoja, tena mwenye mimba ya miezi minane. Mama aliona aibu. Wenzake kanisani wana mabinti mpaka wanasukumana. Akamtazama mgeni, akatuma vipimo kwa fundi, na gauni la sare likashonwa, kitenge cha bluu na njano sawasawa na shati langu. Lilipofika, likatundikwa nyuma ya mlango wa chumba cha mgeni. Kuanzia siku hiyo mama akaacha kusema "mgeni", akawa anasema "binti yangu".

Jumatatu jioni binti huyo akafungua pasi yake ya kusafiria, akahesabu kwa vidole, akarudia tena kuhesabu. Siku zake tisini za kukaa nchini zilikuwa zinaisha Alhamisi. Harusi ni Jumamosi.

"Si shida," akasema, ingawa uso ulisema vingine. "Navuka kwenda Nakonde, naomba viza mpya, narudi siku hiyo hiyo. Watu wanafanya hivyo."

"Na wakikataa?" dada akauliza.

Mama akaenda kulipanga upya lile gauni pale mlangoni, ingawa lilikuwa limekaa vizuri tu.

Nikajitolea kumsindikiza. Nikasema Nakonde naijua kama kiganja changu. Dada alicheka mpaka akakaa chini.

Jumatano asubuhi tulipotoka, tulimkuta mama amesimama mlangoni na kitenge chake cha kanisani. Aliomba sala ndefu, ya kumvusha mtu bahari, akawataja malaika, madereva na maafisa wa serikali. Halafu akatoa kuku. Tetea mwekundu, miguu imefungwa, akamkabidhi mgeni mikononi kwa mikono miwili.

Kwetu mgeni anayekwenda zake hatoki mikono mitupu, hupewa kuku. Hakataliwi, hauzwi njiani, wala harudishwi. Mgeni wetu alishafundishwa hayo yote na mama mwenyewe, kwa hiyo akapiga goti, akapokea.

"Mama," nikasema, "huyu anavuka barabara tu. Mchana yuko hapa."

"Wewe umewahi kwenda huko?"

Nikachukua kikapu, nikamtia kuku ndani.

Tunduma ilikuwa kama kawaida yake, malori yamepanga foleni hadi macho yanachoka, wabadilisha fedha wanapunga vitita vya kwacha. Tulipokaribia mpakani, wakala mmoja wa forodha akachungulia kikapu changu, akacheka. "Braza, huyo kuku Zambia haingii bila karatasi za mifugo. Atakamatwa na wewe pamoja naye."

Sijawahi kupokea habari mbaya kwa furaha kiasi kile. Nikamwambia mgeni kwa huzuni kubwa kwamba ningependa sana, lakini lazima mtu abaki na kuku.

"Haya, kaka," akasema. Alikuwa ameshanielewa. "Mlinde vizuri."

Akavuka peke yake. Mimi nikakaa kwenye kivuli cha ukuta na kuku wangu, mwanamume mzima mwenye cheti cha kidato cha nne, nikila viazi mama alivyomfungia msafiri.

Baada ya kama saa mbili askari akatoka jengo la uhamiaji la upande wetu, akaita mwenyeji wa mgeni fulani. Nikainuka na kikapu. Ndani, mgeni wetu alikuwa ameshatoka ng'ambo, amesimama mbele ya dirisha la kuingilia nchini, uso umemwiva. Afisa, mtu wa makamo, alikuwa anafungua pasi yake ukurasa kwa ukurasa, mihuri ya nchi nyingi.

Kwa hofu nikaweka kikapu juu ya kaunta. Kuku akatoa kichwa. Foleni nzima ikanyoosha shingo.

"Ndugu yangu," afisa akasema polepole, "mtoe huyo kuku hapa mezani kabla watu hawajanielewa vibaya."

Nikamshusha. Nikaanza kujieleza kwa Kiingereza. Sijui kwa nini. Afisa anajua Kiswahili, mgeni anajua Kiswahili, kuku mwenyewe hajawahi kusikia lugha nyingine. Afisa akainua mkono.

"Sema kwa Kiswahili tu, tusiumizane. Huyu amekaa siku themanini na tisa. Ametoka asubuhi, mchana anataka kuingia. Anarudi kufanya nini?"

"Harusi, mkuu. Jumamosi. Gauni lake limeshashonwa, lipo nyumbani nyuma ya mlango."

"Na kuku?"

"Amepewa na mama. Leo asubuhi."

Afisa akaweka kalamu chini. "Mimi ni mtu wa Ileje. Kwetu mgeni akipewa kuku mlangoni, huyo ameagwa. Safari imeisha. Sasa mama yako amemuaga asubuhi, wewe mchana unaniambia anatarajiwa harusini. Nimwamini nani, wewe au kuku?"

Mgeni akainama, maana alijua afisa amesema kweli.

"Mpigie mama yako," afisa akasema. "Weka sauti."

Mama alipokea kabla simu haijaita mara mbili. "Wamemkataa?"

"Shikamoo, mama," afisa akasema. "Ni mimi, afisa wa uhamiaji."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Watu wa foleni wakacheka. Afisa akajikaza. "Bado, mama. Naomba kukuuliza. Kama binti huyu anarudi Jumamosi harusini, kuku ulimpa wa nini?"

Kwenye simu nilisikia mtu anapeta mahindi, halafu akaacha.

"Mwanangu, mimi mpaka siujui. Nilijua nyie mnaweza kumrudisha na mnaweza kumzuia. Kama mngemzuia, angekuwa ameondoka nyumbani kwangu mikono mitupu, kama mtu aliyefukuzwa. Ningelala vipi? Ila gauni sikumpa. Gauni nimebaki nalo."

Afisa alimtazama mgeni, ambaye alikuwa anafuta macho kwa ncha ya skafu. Akamsukumia fomu ya viza. "Jaza hapa. Na wewe, mama, ukome kuwapa watu kuku kabla ya wakati. Unatuchanganya."

Tuliporudi, mama alikuwa getini. Hakumkumbatia mtu. Alichukua kikapu kwanza, akamfungua kuku miguu, akamwachia uani kana kwamba hakuna lililotokea. Ndipo akasema, "Ingia ulijaribu gauni, nina wasiwasi na urefu."

Lilikuwa fupi. Jumamosi aliingia kanisani na pindo la ziada lililotolewa kwenye mfuko wa shati langu na sehemu ya mgongo, ndiyo maana picha zote za harusi nimevaa koti, jua lote lile. Alisimama pembeni ya binamu mwenye mimba, na mama akageuka mara tatu kuhakikisha kina mama wenzake wameona.

Aliondoka kahawa ilipokwisha. Asubuhi ile tulisimama wote mlangoni. Mama aliomba sala, fupi safari hii. Tetea mwekundu alikuwa pale pale uani anaparua mchanga. Mgeni akangoja. Nami nikangoja. Mama akafunga kitenge chake vizuri, akasema, "Haya, nenda, gari litakuacha."

"Mama, na kuku?" nikanong'ona.

"Kuku gani?"

Akaondoka bila kitu mkononi. Siku hizi hutuma ujumbe kwenye simu yangu kutoka visiwa nisivyojua kuvitamka, na swali lake la kwanza ni la kuku. Nampiga picha, namtumia. Mama huja kuchungulia juu ya bega langu.

"Mwambie ameangua sita," anasema. "Na mwambie gauni tumelifua."