Benchi la Wake za Walevi

Karatasi ilikuwa imebandikwa mlangoni pa duka la dawa mjini Bungoma, imeandikwa kwa kalamu nene: Umechoka na pombe? Njoo Jumamosi saa nne, ukumbi ulio nyuma ya soko. Niliisoma mara tatu nikijifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Hakuna mahali iliposema wanaume tu. Nalisisitiza hilo kwa sababu mpaka leo linanichoma.

Mimi ni fundi wa nguo, kibanda changu kiko Tuwan, Kitale, ubavuni mwa nyumba yetu. Kando ya cherehani hapakosi thamosi ya chai ya rangi, na siku zile chai ndani yake ilikuwa kidogo sana. Wiki hiyo nilikuwa nimeshonea kwaya magauni, na gauni la kiongozi wao nikalitia mikono miwili ya kushoto. Watu walicheka, wakasema mama fundi amechoka. Mimi nilijua sijachoka. Nilichagua Bungoma kwa kuwa huko hakuna anayenijua.

Jumamosi nilifika mapema. Wanaume kama kumi walikuwa wameketi kwa duara. Katibu, mzee mpole mwenye daftari, hakuniacha hata nivute pumzi.

"Karibu mama. Bwana yako amekataa kuja?"

Njia nzima nilikuwa nikijikaza kusema sentensi moja, na hiyo sikuisema. Nikajibu ndiyo, amekataa. Akanionyesha benchi la ukutani walikoketi wanawake watano, wake za wale wa kwenye duara, kisha akaniuliza tunakaa wapi. Daftarini akaandika "mke wa", halafu jina la mume wangu. Huyo mume tangu nimjue hajaonja hata pombe ya busaa harusini.

Kazi ya benchi lile ilikuwa kupika chai na kuosha vikombe nje huku wanaume wakiongea. Jumamosi tatu niliosha vikombe. Kupitia dirishani niliwasikia wanaume wazima wakieleza walivyoficha chupa, walivyodanganya, mikono yao ilivyotetemeka asubuhi, na wenzao wakiwapigia makofi. Yote hayo yalikuwa yangu. Nami niko nje kwenye karai, natetemeka vilevile, wanawake wananipa pole kwa mateso ya bwana. Nikirudi Kitale nilikunywa kwa hasira. Ndiyo, kikundi cha kuacha pombe kilinizidishia pombe. Cheka ukipenda.

Jumapili iliyofuata, bila kuniambia, wale wanawake watano na katibu wakatokea Tuwan na sukari na unga, kama watu wanaokwenda kwa mfiwa. Mume wangu alikuwa ametoka kanisani, anakunywa chai yake. Wakamzunguka. Mama mkubwa kati yao akamwekea mikono kichwani, akaanza kumwomba Mungu amfungue huyu baba kutoka kwenye ulevi. Mume wangu alinitazama mara moja tu, kisha akainamisha kichwa. Akaombewa ulevi wangu.

Hapo nilishindwa. Nikasema, "Mikono hiyo niwekeeni mimi. Mlevi ni mimi."

Unadhani waliniamini? Mama mkubwa alinishika bega kwa huruma.

"Usimfunike, mama. Hata sisi tulikuwa tunawafunika hivyo hivyo."

Katibu naye akamgeukia mume wangu, akamwambia aone mke anavyoteseka hadi anajisingizia. Nilitamani kupiga meza. Nilikuwa nimeubeba ulevi ule peke yangu, nimeutoa mbele za watu kwa kinywa changu, nao wakamkabidhi mwanamume kwa sababu tu ana suruali.

Mume wangu akainuka. Alikwenda kibandani, akarudi na ile thamosi, akamimina kidogo kwenye kikombe na kumpa mama mkubwa. Mama akanusa, akakiweka mezani polepole.

"Ni yake," mume wangu akasema. "Huu ni mwaka wa pili."

Mwaka wa pili! Nilijiona mjanja, kumbe mwenzangu anajua na amenyamaza. Wageni walipoondoka nilimvaa, nikamwuliza alikuwa akingoja nini, nizikwe? Akasema angemwambia nani? Watu wangemwuliza ni mwanamume gani huyo anayelewewa na mke. Basi naye alikuwa amenificha kama nilivyoificha chupa. Hilo sijamsamehe lote, na sioni haya kuliandika. Nilimwambia Jumamosi naenda tena, lakini lile benchi sikalii. Akasema tutaenda pamoja.

Jumamosi hiyo sikuwa nimeonja kitu tangu Alhamisi. Katibu alitutazama, akatazama daftari, asijue aandike nini. Nikamwambia afute "mke wa" aandike jina langu, na akaandika, ingawa alichukua muda. Nikavuta kiti hadi kwenye duara. Wanaume wawili walisogea kunipisha, wa tatu akasogea shingo upande. Sentensi yangu ile ya siku ya kwanza niliisema, kisha nikaendelea na chupa, uongo, na yale magauni ya kwaya. Hakuna aliyepiga makofi. Kupitia dirishani nilimsikia mume wangu huko nje akiwauliza wanawake maji ya kuoshea vikombe yako wapi.