Hewa Baridi Kwenye Mlima wa Kwale

Mbodze aliendesha teksi aina ya Noah iliyokwisha tembea zaidi ya kilomita laki tatu, na madereva wote wa lango la hoteli pale Diani waliiita Birika. Jina hilo lilitungwa na shemeji yake Salimu, mdogo wa marehemu mumewe, siku gari lilipochemka mbele ya wageni.

"Mama Kadzo, tia majani na sukari! Maji yameshaiva!"

Madereva walicheka. Tembo, msimamizi wa usafiri, hakucheka. Alisema likichemka tena na mgeni ndani, nafasi ya Mbodze langoni atapewa mwingine. Kila mtu alimjua mwingine huyo, kwa kuwa Salimu alikuwa na gari la pili lililokosa nafasi.

Kwa miaka mingi Mbodze alikuwa amefua mashuka katika hoteli hiyohiyo. Alijifunza udereva ukubwani, baada ya kufiwa, huku shemeji akiwaambia watu kwamba gari la kaka yake limeangukia mikono ya sabuni. Hakuwa na kazi nyingine.

Akalipeleka gari kwa Randu, fundi wa Ukunda. Mafundi wengine walikuwa wameshampa Mbodze majibu bila kufungua boneti: toa thamostati, badilisha rejeta ya kupozea maji. Randu alianza kwa kuuliza.

"Shikamoo, mama. Linachemka kwenye foleni ya feri au likipanda mlima?"

"Marahaba. Ni mlimani, mwanangu. Likoni nasimama hadi nachoka, na mshale wa joto hautikisiki."

"Basi feni haina kosa. Maji yanapungua?"

"Yanapungua, lakini chini ni pakavu."

Randu alitazama oili, haikuwa na weupe wa kuchanganyika na maji. Alifungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi, akawasha, hakuona mapovu. Gasketi ilikuwa nzima. Akasukuma upepo kwenye njia za maji, akangoja. Halikudondoka hata tone.

"Linavuja likipata moto tu. Niachie kesho nilipandishe mlima, nione."

"Kesho nina wageni wa Shimba Hills."

Randu aliguna. "Basi usiuamini mshale. Maji yakiisha, kipimo hubaki kwenye hewa tupu na mshale hushuka kana kwamba mambo ni shwari. Ukiuona unashuka mlimani, washa hita, maana hupashwa na maji hayohayo ya injini. Ikipuliza moto, maji yapo. Ikipuliza baridi, zima injini hapohapo."

"Hita? Kwa joto hili la pwani?"

"Hita, mama."

Wageni walikuwa mume na mke kutoka Nairobi. Walipopita Kombani na barabara ikaanza kupanda kuelekea Kwale, Mbodze alizima kiyoyozi ili kuipunguzia injini mzigo.

"Mathe, si uwashe AC? Tunaiva huku nyuma," mume alilalamika.

Mbodze aliomba radhi. Mshale ulikuwa umekaribia alama nyekundu. Kwenye kona iliyofuata ulianza kushuka, ukashuka hadi chini kabisa, na moyo wake ukataka sana kuuamini. Mji wa Kwale ulikuwa karibu. Akawasha hita.

Hewa iliyotoka ilikuwa baridi.

"Hapo sasa!" mume alishangilia. "Kumbe ulikuwa unatunyima tu?"

Mbodze aliegesha kando na kuzima injini.

Alimpigia Tembo simu, kama kanuni ilivyotaka, na Tembo akamtuma dereva aliyekuwa karibu zaidi. Alikuwa Salimu. Wageni walihamia kwake bila kuaga. Kwenye buti ya gari lake kulikuwa na dumu la maji.

"Niachie hayo maji, shemeji, nitie litakapopoa."

Salimu alilitoa dumu. Akalowesha kitambaa, akafuta vumbi kwenye kioo chake cha mbele, taratibu, kona moja baada ya nyingine. Maji yaliyobaki akayamwaga barabarani.

"Subiri mvua," alisema, akaondoka.

Mbodze alimpigia Randu, naye akafika kwa bodaboda na dumu la maji. Alikuta ufa kwenye paipu ndogo ya hita, nyuma ya injini, uliokuwa ukifunguka kwa joto na kudondosha maji juu ya ekzosi, bomba la moshi lenye moto. Yalikauka kabla ya kufika chini. Akakata kipande kibovu, akakaza klipu, akajaza maji.

"Injini umeiokoa, mama. Ungesogea kidogo tu, ingekwama."

Mbodze alirudi Diani na mshale umetulia katikati. Gari la pili la Salimu lilikuwa limeshasimama kwenye nafasi ya Mbodze langoni.

"Ilikuwa paipu tu, bwana Tembo. Limepona. Nililizima mapema."

"Hilo ndilo wageni wanalolalamikia. Wanasema gari lilikuwa linakwenda vizuri, hewa safi, mshale uko chini, na dereva akalizima mwenyewe."

"Nisingelizima, injini ingekufa."

"Ingekufa Kwale, wageni wakiwa wamefika." Tembo alitazama nyuma yake mwenyewe, ndani ya lango, ambako basi dogo la watalii lilikuwa likipiga honi. "Unaziba njia, mama."

Mbodze alitia gia ya kurudi nyuma. Salimu, aliyekwisha washusha wageni Shimba Hills na kurudi, alitoka kivulini, akasimama nyuma ya Noah, akainua mikono yote miwili kumwongoza.

"Njoo, shemeji, njoo. Kata kushoto. Njoo tu, hapa hakuna kitu. Njoo."