Meza Tupu za Kasingirima

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkutubi wa Mkoa alinisimamisha mbele ya meza tupu. "Binti, utajuaje kama jana watu walisoma hapa?" Nikageukia rafu za vitabu. "Usipojua hilo," akasema, "wewe ni mlinzi wa kabati."

Akanifundisha kupima. Kuna uazimaji, kitabu kinachokwenda nyumbani na msomaji. Huo unaandikwa, hauna taabu. Kuna na matumizi ya ndani: msomaji anasoma humo humo, anakiacha kitabu mezani, jioni mkutubi anavihesabu ndipo avirudishe rafuni. Rahisi, eti? Subirini!

Mjini Kigoma njia hiyo ilikwenda vizuri. Kisha nikahamishiwa chumba cha kusomea cha Kasingirima, kule Ujiji. Jamani, kilivyojaa! Lakini jioni, meza nyeupe pee. Watu wa Ujiji wamelelewa: mtu akimaliza kusoma anakifuta kitabu vumbi, anakirudisha mwenyewe mahali pake. Nami kila mwezi naandika: matumizi ya ndani, hakuna.

Mkutubi wa Mkoa akaja juu. "Hesabu zako zinasema huko hakusomwi! Nitakuja kutathmini. Nikikuta hivi hivi, vitabu vyote vinahamia mjini."

Nikabandika tangazo: Acheni vitabu mezani. Weee! Bi Mwajuma, mchuuzi wa dagaa wa Kibirizi na msomaji wetu wa kila siku, akanijia juu.

"Mwanangu, nile kwako nikuachie sahani mezani? Sikulelewa hivyo."

Hapo akili ikanijia. "Basi nipe mkononi, mama, nipate kuhesabu, wasije wakatufungia. Mgeni hamnyang'anyi mwenyeji kazi yake!"

Akacheka, akanikabidhi kitabu kwa mikono miwili. Kuanzia hapo wote wakafanya hivyo.

Siku ya tathmini vitabu vilirundikana mezani kwangu mpaka sionekani! Mkutubi wa Mkoa mwenyewe alichukua kitabu cha kilimo cha michikichi, kikamkolea, akasahau kilichomleta. Alipomaliza akainuka, akakirudisha rafuni.

"Bwana mkubwa!" Bi Mwajuma akapaza sauti. "Unataka watufungie? Mpe mkononi!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mzee wa watu akakitoa tena, akaniletea. "Andika," akasema. "Na mimi nimesoma hapa."

Chumba hakikufungwa! Sasa nimestaafu, nanyi wakutubi vijana mna kompyuta za kuwahesabia. Vizuri sana, ila kabla hamjaandika sifuri, inukeni mkawatazame watu. Juzi nilikwenda Kasingirima kusoma, nikakosa kiti. Wallahi, nusura nipige vigelegele mle mle maktabani.